Kusahihisha maonyesho ya wanafunzi: zunguka ukumbi mara tatu

Mwalimu mwenzangu unayefundisha sanaa ya kuona katika Diploma ya IB (International Baccalaureate, mtaala wa kimataifa wa sekondari) hapa Mombasa, mimi husahihisha hivi. Maonyesho yana alama 30, nazo ni asilimia 40 ya somo zima. Nazungumzia watahiniwa wa mwisho wa mtaala huu, yaani wa 2026. Wa 2027 wana mtaala mpya.

Hatua ya 1: Hesabu. Ngazi ya juu, kazi 8 hadi 11 na maelezo ya maonyesho yote yasiyozidi maneno 700. Ngazi ya kawaida, kazi 4 hadi 7, maneno 400. Kagua kabla msumari wa kwanza haujagongwa.

Hatua ya 2: Zunguka bila kalamu. Hapa unatafuta uzi unaoshona kazi zote, alama 9. Aliyechora dau, paka wa Mji wa Kale na mlango wa nakshi hajaunganisha kitu, hata kama vyote ni vya pwani. Lakini aliyefuatilia chumvi inavyokula vitu, kwenye bati lenye kutu, ukuta wa matumbawe unaomeguka, kanga iliyoloweshwa maji ya bahari, huyo uzi wake utauona toka mlangoni.

Hatua ya 3: Zunguka kwa ufundi (9), kisha kwa dhana (9). Tafadhali usiichanganye mizunguko hii. Mkono hodari hutulaghai sana. Mtoto amechora kanga, kila mkunjo uko mahali pake, ila hajajiuliza jina la kanga hiyo linamwambia nani nini. Ufundi mpe wake wote. Dhana mpe anachostahili. Soma vipimo vya alama kutoka chini kwenda juu, usimame panapoifaa kazi.

Mpangilio una alama 3 tu, usikeshe hapo.

Hatua ya 4: Piga picha siku hiyo hiyo. Msahihishaji wa nje haji Mombasa, huona picha. Mwaka mmoja niliziacha kazi za rangi ya maji ukutani tangu Ijumaa. Jumatatu unyevu ulikuwa umezikunja, nikapiga picha za karatasi zilizojipinda. Bado inaniuma. Siku hizi napiga asubuhi, kabla jua halijamulika vioo vya fremu.

Hatua ya 5: Kando ya kila alama andika sentensi moja inayotaja kazi yenyewe. Mwanafunzi akiuliza mbona 6 na si 8, mpeleke mbele ya kazi hiyo kabla hamjaitungua.