Kopo la Bati: Kuandika Ubaguzi Unaofundishwa

Katika hadithi ya fantasia, mhusika akidharau majirani zake, msomaji amwone aliyemfundisha.

Anza na msiba wenye sababu ya kweli, kisha wape wanakijiji sababu ya uongo. Huku Goma hatuendi mbali kutafuta mfano: tuna mazuku. Hewa ya ukaa hutoka ardhini, na kwa kuwa ni nzito kuliko hewa ya kawaida, hutuama mashimoni, hasa usiku usio na upepo. Mtu mzima aliyesimama anaweza kupona palepale mbuzi wake anapofia. Sasa buni ufalme wa mawe ya volkano ambako matajiri wamejenga juu na maskini wamesukumwa bondeni. Mbuzi wa bondeni wanakufa, watu wa juu wanasema, "Wale wana laana." Laana ikiwa ni yao, nani atauliza waliofukuzwa mashamba ya juu ni kina nani? Faida hiyo usiisahau. Ubaguzi usiomnufaisha mtu hufifia kabla ya sura ya tatu.

Mafunzo yenyewe yasiwe hotuba. Muuza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, anapanda kutoka bondeni, anaomba maji. Mama anamtilia kwenye kopo la bati linalokaa nje ya mlango. Mtoto wa miaka sita anatazama. Mara ya pili mtoto anampa kikombe cha nyumbani. Mama hasemi neno, anakichukua na kukisugua kwa majivu. Mara ya tatu mtoto anakimbilia kopo mwenyewe, anapewa andazi. Mistari mitano kwa kila tukio inatosha. Akija kuwa askari anayetukana watu wa bondeni, huna cha kueleza.

Kosa linaloharibu hadithi nyingi ni kuifanya laana iwe ya kweli. Hapo mama alikuwa sahihi, basi. Jingine, zito zaidi kwetu, ni kuwapa watu wa kubuni pua au lafudhi ya kabila la jirani. Msomaji wa hapa atalitambua ukurasa wa kwanza. Watenganishe kwa mwinuko wa makao, au kwa saa za kazi: wavuvi wa sambaza hukesha ziwani wakati wengine wamelala.

Kuacha ubaguzi kuna mwendo wake. Askari anashusha taa shimoni, inazimika ikifika usawa wa magoti, anaelewa. Mchana anamtetea muuza sambaza mbele ya wakubwa. Jioni anaombwa maji, na mkono wake unakwenda kwenye kopo.