Mpe msomaji rasimu, kisha ukae kimya

Wabunifu wa michezo ya mezani, kama ile ya kadi, hawasubiri mchezo ukamilike ndipo waujaribu. Huchora kadi kwa kalamu kwenye vipande vya karatasi, huwapa watu wacheze, halafu hukaa pembeni wakitazama. Mchezaji akikwama hawamfafanulii, kwa sababu mchezo ukishatoka hawatakuwepo mezani kumweleza mtu kanuni.

Fanya vivyo hivyo na hadithi yako. Mpe mtu rasimu ingali mbichi, kabla hujaanza kung'arisha sentensi (sentensi iliyong'arishwa ni ngumu kuifuta, hata kama haina kazi). Usitangulize maelezo. Mwombe aweke alama tu: hapa nilichoka, hapa sikuelewa nani anasema, hapa niliruka aya. Ukimuuliza kama ameipenda, atakujibu kwa adabu na hutapata kitu.

Alama zake ziamini; marekebisho anayopendekeza yapime. Akisema mwisho ni dhaifu, mara nyingi kasoro iko kurasa kadhaa nyuma, mahali ulipopaswa kuuandaa mwisho huo. Rasimu ya pili mpe msomaji mwingine, maana wa kwanza tayari anaijua njia.