Kuchagua PTT (kitufe cha kubonyeza ili uongee redioni) ya hedseti za kijeshi: someni hii kabla hamjatoa hela

Wadau habari za mchana, wiki hii nimeulizwa mara sita "fundi nichukue PTT ipi", naandika hapa mara moja ili kila anayekuja dukani awe ameshasoma.

Hatua ya 1. Angalia tundu la redio. Baofeng UV-5R na Kenwood nyingi ni pini mbili, milimita 3.5 na 2.5. Motorola nazo zipo za pini mbili ila mpangilio mwingine, usilazimishe.

Hatua ya 2. Angalia plagi ya hedseti. Za kijeshi nyingi zina plagi nene ya milimita 7.1, ile ya NATO.

Hatua ya 3. MIC. Hapa ndo hela yangu iliteketea. Mic ya kijeshi kwa kawaida ni dainamiki, ndani ni koili na sumaku, inatoa umeme kiduchu sana, wakati wokitoki za kiraia zimetengenezewa mic ya elektreti ambayo inatoa nguvu zaidi. Sasa ukichukua PTT ya kawaida, yaani swichi na waya basi, kila kitu kinaingia, ukibonyeza taa nyekundu inawaka, wenzako unawasikia safi, ila wao hawakupati. Nilimfungia nahodha mmoja pale Kibirizi, Kigoma, tukajaribu hatua kumi tu toka mlangoni, nikaona inatosha. Kufika ziwani injini inanguruma, anaita nchi kavu hakuna anayemwelewa. Alirudi akaiweka hedseti mezani hajasema neno. Nilimrudishia hela yote, na mpaka leo nikiona upepo umegeuka namfikiria. Kwa hiyo mic ya dainamiki chukua PTT yenye amplifaya (kikuza sauti) ndani, nyingi hazina betri, zinakula umeme wa mic wa redio yenyewe. ONYO: usiiweke kwenye hedseti ya elektreti, sauti itapasuka.
ONYO la pili: plagi hiyo hiyo nene ina mpangilio wa waya wa NATO na ule wa kampuni ya hedseti ya Peltor, kwa macho ni pacha. Muulize muuzaji kabla hujalipa.

Hatua ya 4. Kitufe kiwe kikubwa, ukipate hata mkono umelowa.

Hatua ya 5. Jaribu mbali, mita mia au zaidi, injini ikiwa inawaka.

MASWALI

Kijana wa Katonga: Fundi ipi nzuri kati ya zote?
Jibu: Redio gani? Hedseti gani? Hujataja hata moja.

Kijana wa Katonga: Nitajie jina tu mkuu
Jibu: Hatua ya 3.

Mlinzi Mwanga: Mbona yangu ya bei chee haina amplifaya na nasikika vizuri? Unatutisha bure.
Jibu: Simtishi mtu. Hiyo yako ni kopi ya hedseti ya kijeshi, na kopi nyingi zinawekwa mic ya elektreti. Nimeandika dainamiki, rudia kusoma.

Dada wa Ujiji: Shikamoo fundi. Nitaijuaje mic bila kuifungua?
Jibu: Marahaba mdogo wangu, swali zuri sana hili. Chukua mita ya kupimia umeme, weka kwenye omu (kipimo cha ukinzani), gusa sehemu mbili za mic kwenye plagi. Dainamiki itasoma kidogo, kuanzia omu chache mpaka mia na kitu, na ukigeuza waya za mita namba haibadiliki. Elektreti mara nyingi inasoma juu zaidi na ukigeuza inabadilika. Kama una mashaka njoo nayo, kupima sitozi.

Dada wa Ujiji: Asante. Na redio ya kaka yangu mbona inarusha sauti yenyewe bila kubonyeza?
Jibu: Kwanza sukuma plagi mpaka mwisho, kava la redio huwa linaizuia ikabaki nusu. Ikiendelea, chomoa, futa pini kwa spiriti, iache ikauke kabisa. Mwambie aizime redio kabla ya yote, ikirusha yenyewe inawafungia chaneli wenzake wote.

Baba Asha: Hapo kwenye upepo mic inavuma balaa, mi nafunika na kidole
Jibu: Mzee wangu kata kipande cha sponji ya godoro, unene wa kidole gumba, kichimbe katikati kiivae mic, kisha kaza na uzi wa nyavu. Kikilowa kivue ukikamue, usikiache usiku kucha.