Namna ya Kulipima Taifa Linaloweza Kuwa na Nguvu Kuu Duniani

Usianze na idadi ya watu. India iliipita China mwaka 2023, lakini wingi wa watu peke yake haulipatii taifa uwezo wa kuamua mambo ya wengine.

Anza na viwanda, kwa sababu hapo mkaaji wa Lubumbashi, mji wa migodi wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ana kipimo karibu naye. Tazama malori yanayopanga foleni kuelekea Kasumbalesa, kwenye mpaka wa Zambia: Kongo huchimba zaidi ya nusu ya kobalti yote duniani, madini ya kutengenezea betri, lakini sehemu kubwa husafishwa China, ambako pia betri nyingi za magari ya umeme hutengenezwa. Jiulize, basi, ni nani anayegeuza madini kuwa bidhaa, wala si nani aliye nayo ardhini. Kwa kipimo hicho China imekwisha kufika; Urusi, pamoja na silaha zake zote za nyuklia, ingali mbali.

Kisha pima fedha. Hapa mjini kodi ya nyumba huhesabiwa kwa dola, na mwenye duka huigeuza noti huku na huku akitafuta mchaniko kabla ya kuipokea. Yuani, fedha ya China, hakuna anayeiulizia.

Mwisho angalia jeshi linavyoweza kufika mbali. Marekani ina meli 11 za kubebea ndege za kivita, ilhali China ilifungua kambi yake ya kwanza ya ng'ambo, huko Jibuti, mwaka 2017 tu. Umoja wa Ulaya nauweka kando, kwa kuwa hauna jeshi moja.