Jinsi ya kuhamisha au kuomba mkopo wa elimu ya juu unapohamia chuo cha Tabora

Mwanafunzi wa Kasulu au Urambo aliyeanza shahada Dar es Salaam na sasa anataka kuendelea Tabora, karibu na nyumbani, mara nyingi huanza na begi: hupanda treni, hupanga chumba Isevya, mjini Tabora, kisha ndipo huulizia mkopo. Utaratibu wenyewe uko kinyume na hivyo. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu hulipa kwa kufuata jina lililosajiliwa katika chuo na programu maalumu, na mpaka uhamisho utakapoidhinishwa, jina hilo hubaki kwenye orodha ya chuo cha zamani hata kama mwenyewe ameshahama.

Kwa hiyo hatua ya kwanza ni uhamisho wa masomo. Andika barua kwa chuo unakotaka kwenda, mathalani Chuo Kikuu Kishiriki cha Askofu Mkuu Mihayo kilichopo Tabora, ukiambatisha vyeti vya kidato cha nne na cha sita pamoja na matokeo ya mihula uliyokwisha kuisoma. Chuo hicho kitaangalia kama una sifa za kujiunga na programu husika na kama nafasi ipo, na chuo unachotoka nacho kitatakiwa kutoa ridhaa yake. Idhini ya uhamisho kati ya vyuo hupitia Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, ambayo hutangaza dirisha maalumu kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Dirisha hilo ni fupi, nawe usisubiri kuambiwa na mwenzako kwamba limefunguliwa. Kwa anayeendelea na masomo, omba majibu ya maandishi kuhusu masomo yatakayotambuliwa na mwaka utakaoanzia, kwa sababu mkopo hupangwa kwa kuzingatia urefu wa programu, na kurudishwa nyuma mwaka mmoja si jambo dogo kwa mfuko wa mzazi.

Ukishapata barua ya idhini, ipeleke kwa maofisa mikopo wa vyuo vyote viwili, ikiwa na namba yako ya mtihani wa kidato cha nne, namba ya usajili ya zamani na ile mpya. Namba ya kidato cha nne ndiyo inayokutambulisha katika mfumo wa Bodi, hivyo aliyerudia mtihani ahakikishe kwamba namba aliyotumia kuombea chuo ndiyo aliyotumia kuombea mkopo. Jambo jingine, ambalo wengi huliona la ujanja lakini huwagharimu baadaye, ni kusaini bumu, yaani fedha ya kujikimu itokanayo na mkopo, la muhula ambao hutausoma katika chuo unachokiacha. Usisaini. Fedha hizo zitabaki kuwa deni lako, na kuzirekebisha kutakuchukulia muda mrefu kuliko kuhama kwenyewe.

Piga hesabu kabla ya kuhama. Kiwango cha juu cha chakula na malazi kilipandishwa kutoka shilingi 8,500 hadi 10,000 kwa siku, na hicho hakitegemei mji unaosoma. Lakini ada na mahitaji maalumu ya kitivo hutegemea programu, na sehemu ya ada isiyofikiwa na mkopo wako utailipa mwenyewe.

Anayehama bila kuwa na mkopo anaweza kuomba kama mwanafunzi anayeendelea, mradi awe amefaulu kuingia mwaka unaofuata na asiwe na ajira. Dirisha la maombi kwa kawaida hufunguliwa katikati ya mwaka, na maombi hufanyika katika mfumo wa mtandao wa Bodi. Hapa ndipo penye kazi. Cheti cha kuzaliwa lazima kihakikiwe na RITA, wakala wa serikali unaosajili vizazi na vifo. Ambaye hana cheti kabisa aanzie ofisi ya wilaya alikozaliwa, na asingoje dirisha lifunguliwe ndipo aanze safari ya Kibondo. Aliyefiwa na mzazi ahakiki pia cheti cha kifo, maana barua ya mtendaji haiwezi kushika nafasi yake. Mwenye ulemavu, au mwenye mzazi mlemavu, anahitaji uthibitisho wa mganga mkuu wa wilaya au wa mkoa, na kaya iliyo kwenye mpango wa TASAF, mfuko wa serikali unaosaidia kaya maskini, iandike namba yake ya mnufaika.

Fomu ikishachapishwa steshenari, hupelekwa kwa viongozi wa serikali ya mtaa au kijiji, kwa mdhamini mwenye kitambulisho na picha, kisha kwa kamishna wa viapo au hakimu. Angalia mihuri papo hapo, mbele ya aliyeigonga. Muhuri wa kijiji ambao wino wake umekauka huonekana vizuri kwenye karatasi, lakini ukurasa ukiskaniwa hugeuka doa la kijivu lisilosomeka, na fomu iliyopigwa picha kwa simu huku kivuli cha mkono kikiwa juu ya saini haifai hata kidogo. Majina nayo yalingane: kama cheti cha kuzaliwa kinasema Ramadhani na cha kidato cha nne kinasema Ramadhan, shughulikia tofauti hiyo kisheria kabla ya kupakia chochote.

Ufadhili wa Samia, ambao ni ufadhili wa masomo wa serikali na si mkopo, ulioanza mwaka 2022/2023, hulenga waliofanya vizuri sana kidato cha sita katika masomo ya sayansi, kwa hiyo kuhama chuo hakumpi mtu sifa hiyo kama hakuwa nayo.

Ukifika chuo kipya, jisajili, hakiki akaunti yako ya benki kwa ofisa mikopo, kisha ingia kwenye akaunti yako ya SIPA, yaani akaunti binafsi ya mwanafunzi katika mfumo wa Bodi. Jina la chuo kipya na programu yako mpya likionekana humo, ndipo ulipie chumba.