Kabla Hujampa Fundi Shilingi ya Kwanza

Ukiona nyumba imeishia kwenye linta, yaani boriti ya juu ya milango na madirisha, iwe Busia, Arua au pembezoni mwa Kampala, na mwenye nyumba hasalimiani tena na fundi wake, uliza pesa ilikuwa imefika wapi na kazi ilikuwa imefika wapi. Mara nyingi pesa ilishatangulia mbali, na hakuna karatasi inayosema ililipia kazi gani. Kwa hiyo jambo la kulinda tangu mwanzo ni hili: malipo yafuate kazi, yasiitangulie.

Mkataba wa maandishi si wa matajiri tu. Sheria ya Mikataba ya Uganda ya mwaka 2010 inataka mapatano yanayozidi shilingi 500,000 yaandikwe, na hakuna nyumba ya matofali inayojengwa chini ya hapo. Andikeni kwa lugha ambayo nyote mnaielewa. Fundi akiwa anajua Kilugbara au Kiganda tu, atafutwe mtu wa kumsomea kila kifungu kabla hajatia sahihi, na mashahidi wawepo. Mwenyekiti wa LC1, yaani wa serikali ya kijiji, ni shahidi mzuri kwa sababu anawafahamu watu wa eneo lake na ni rahisi kumpata.

Ndani ya mkataba, gawa malipo kwa hatua zinazoonekana kwa macho: msingi, kuta hadi linta, kuezeka, plasta, kumalizia. Pesa ya kuanzia itoshe kuanzia tu. Mwishoni bakiza asilimia 5 au 10 kwa miezi kama sita, ili msimu wa mvua upite juu ya bati na nyufa zijitokeze fundi akiwa bado ana sababu ya kurudi. Fundi mwaminifu hatakasirishwa na hilo akielezwa mapema. Akielezwa siku ya mwisho ataliona ni dhuluma, na hapo mimi nitakuwa upande wake.

Wengi wetu tunajenga kwa mtindo wa mwenye nyumba kununua vifaa na fundi kulipwa ufundi. Hapo ndipo panapochoma zaidi. Weka daftari la stoo: mifuko ya saruji iliyoingia leo, iliyotumika, iliyobaki, na sahihi mbili kila jioni. Unene wa nondo uandikwe kwa milimita, na kipimo cha kuchanganya saruji, mchanga na kokoto kitajwe, kwa maana "zege zuri" kila mtu ana lake. Yasisahaulike madogo: nani analipia maji, mbao za jukwaa, mlinzi wa usiku, chakula cha mchana? Nimeona watu wazima wakishikana mashati kwa madumu ya maji.

Kisha kuna vibarua. Fundi analipwa, anatoweka, na vijana waliobeba matofali wiki nzima wanakuja kusimama kwenye geti lako wakidai haki yao. Haki hiyo ni ya kweli, wanaishi kwa ujira wa siku. Weka sharti kwamba kabla ya malipo ya hatua inayofuata, vibarua watie sahihi kuwa wamelipwa ya hatua iliyopita. Kubalianeni pia nani atagharimia matibabu mtu akianguka.

Kibali cha ujenzi hutolewa na kamati ya majengo ya wilaya au mji, chini ya Sheria ya Udhibiti wa Majengo ya 2013. Andikeni nani anakitafuta. Kazi ikisimamishwa kwa kukosa kibali, fundi atadai siku za kukaa bure.

Mabadiliko ya katikati nayo yana moto wake. "Ongeza baraza hapo," mama mwenye nyumba anasema, fundi anaitikia, na bei inatajwa baraza limeshakamilika. Bei ianze, hata kwa ujumbe wa simu, ndipo kazi ifuate.

Mwisho, mkubaliane mtapeleka wapi mzozo ukizuka. Kwanza mhandisi asiye wa upande wowote aje apime. Ikishindikana, mahakama hupokea madai madogo yasiyozidi shilingi milioni 10 bila wakili, baada ya wewe kumpa mdaiwa notisi ya maandishi. Juu ya hapo, hakimu wa daraja la kwanza husikiliza hadi milioni 20, hakimu mkuu hadi milioni 50. Dai la mkataba lina miaka sita ya kufikishwa mahakamani, lakini ushahidi hauna subira hiyo. Fundi akiondoka, usilete mwingine kesho yake. Piga picha kila ukuta, hesabu vifaa vilivyobaki mbele ya mashahidi, mhandisi aandike kipimo cha kazi na tarehe, ndipo fundi mpya apandishe tofali. Akishapandisha, hakuna atakayeweza kutenganisha kazi ya nani ni ipi.