Kupitia Upya Mswada wa Riwaya na Kutafiti Mandhari Yake

Rasimu ya kwanza ikikamilika, iweke kando wiki nne hadi sita, na usiifungue hata kurekebisha herufi moja. Ukirudi mapema, macho husoma ulichokusudia kuandika badala ya kilichoandikwa. Kisha ichapishe. Riwaya ya maneno 80,000, kwa herufi za ukubwa wa 12 na nafasi mbili kati ya mistari, hutoa kurasa 300 au zaidi. Isome yote kwa siku chache mfululizo bila kusahihisha chochote. Andika daftarini tu ni ukurasa upi umekuchosha na upi umekuchanganya.

Kabla ya kugusa sentensi, tengeneza jedwali la matukio. Kila tukio lipate mstari wake: sura, siku na saa, mahali, nani yupo, tunaona kwa macho ya nani, na nini kimebadilika tukio linapokwisha. Safu hii ya mwisho ndiyo kali kuliko zote. Tukio lisilobadilisha kitu lifute, au liunganishe na jirani yake. Safu ya siku na saa nayo hufichua mengi: mimba ya miezi kumi na mmoja, wiki yenye Ijumaa mbili, msiba ambao hakuna anayeukumbuka sura mbili baadaye.

Anza na makubwa: muundo mzima kwanza, kisha tukio mojamoja, kisha sentensi, na tahajia mwisho kabisa. Waandishi wengi hupiga msasa sura ya kwanza kwa miezi, halafu wanagundua hadithi inaanzia sura ya tatu. Hasara si muda tu. Aya uliyoihangaikia hukuuma kuifuta, hivyo unaibakiza hata pale inapoharibu kitabu. Kila duru ya marekebisho ihifadhi kwenye faili jipya lenye tarehe, maana kuna aya utakayoifuta leo na kuihitaji baada ya mwezi.

Utafiti wa mandhari uongozwe na mswada wenyewe. Unapoandika rasimu na kukwama kwenye jambo usilolijua, andika HAKIKI kwa herufi kubwa uendelee mbele. Sasa zitafute alama hizo zote na uziorodheshe. Orodha hiyo ndiyo mpaka wako. Bila mpaka, utafiti hugeuka kisingizio cha kutoandika.

Chukua mhusika anayetoroka kwa mashua saa sita usiku, mwezi ukiwa mpevu. Umeandika kwamba saa kumi na mbili jioni ile maji yalikuwa yamejaa hadi kwenye ngazi za gati. Katika pwani nyingi maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kutoka kujaa hadi kupwa ni saa 6 na dakika 12 hivi. Saa sita usiku, basi, maji yamekupwa. Tena siku za mwezi mpevu ni siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa kupita siku nyingine, kwa hiyo yametoka mbali kuliko kawaida. Mashua yako haielei. Rasimu ilisema, “Bahari ilikuwa tulivu, mwezi uking'aa kwa uzuri usioelezeka.” Baada ya kuhakiki inaweza kusema, “Mashua ilikuwa imelalia ubavu. Kati yake na maji palikuwa na tope la mwendo wa dakika kumi, na mwezi ulilimulika lote.” Hofu imeingia bila kivumishi cha sifa hata kimoja, na umepata kikwazo ambacho hukukibuni.

Mwezi huwaumbua waandishi kuliko kitu kingine. Mwezi mpevu huchomoza jua linapokaribia kuzama, na hilali changa huzama muda mfupi baada ya jua, kwa hiyo haiwezi kuwa utosini usiku wa manane.

Kwa kitabu cha zamani, tafuta ramani ya miaka ya hadithi yako. Ya leo ina barabara na majina ambayo hayakuwepo. Katika magazeti ya kipindi hicho, soma matangazo ya biashara kabla ya habari, kwa kuwa humo mna bei na vitu vilivyokuwa madukani. Ukizungumza na wazee, usiulize “maisha yalikuwaje?”, maana utajibiwa kwamba yalikuwa mazuri. Uliza mikono ilifanya nini: maji mliyachota wapi, moto mliuwasha kwa kutumia nini, nani aliamka wa kwanza. Kumbukumbu huchanganya miaka, kwa hiyo thibitisha tarehe kwingineko. Ukiweza kufika mahali penyewe, fika saa ileile ya tukio na majira yaleyale, ukatembee njia ya mhusika ukiwa na saa mkononi. Mtu mzima hutembea kama kilomita 5 kwa saa penye tambarare, na pungufu akiwa na mzigo.

Katika yote uliyokusanya, ingiza kile tu ambacho mhusika angekiona. Mwenyeji haoni anayoyashangaa mgeni. Wahusika wakianza kuelezana mambo ambayo wote wawili wanayajua, hapo ni daftari lako linalosema.

Duru ya mwisho soma kwa sauti. Tenga saa kumi au zaidi, uzigawe kwa siku tano. Ulimi ukijikwaa mara mbili mahali pamoja, sentensi ina kasoro. Na ukibadilisha jina la mhusika kwa kompyuta, chagua kutafuta neno zima. Usipofanya hivyo, ukimgeuza Ali kuwa Omari, kila “Alikwenda” katika kitabu itasomeka “Omarikwenda”.